Majani ya Mlimani Darini kwa Bi Maimuna

Bi Maimuna amekufa, na mimi hasira zangu sina tena pa kuzipeleka. Habari ilinifika darasani, hapa shuleni Bondeni, nikiwafundisha kidato cha tatu habari za majani. Simu ikatetemeka mezani mpaka watoto wakaanza kuchekana. Alikuwa Swabra, binti yake. "Mama ametangulia," akasema. "Twamzika alasiri." Nikawaambia wanafunzi wasome wenyewe, nikapita nyumbani kuchukua leso, nikaenda Mji wa Kale kwa miguu, maana siku kama ile mtu hataki kufika upesi. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake mpaka kwenye ngazi. Nikapenya, nikatoa pole, nikapata nafasi mkekani karibu na ule mlango mdogo wa kupandia darini, na muda wote wa visomo sikuweza kutazama kwingine. Huko juu, miaka ishirini na ushei iliyopita, kazi yangu ya mwaka mzima ilioshwa kwa sabuni na kitambaa, na aliyeiosha ndiye tuliyekuwa tukimlilia. Wenzangu walilia kwa moyo mmoja. Mimi nililia kwa mioyo miwili, na wote walidhani nimezidi kwa uchungu.

Kitabu cha shule kina sentensi moja tu kuhusu vinywele vya majani: hupunguza maji kupotea. Mwanafunzi akiiandika hupewa alama yake, basi, amepita. Kila mwaka naisahihisha sentensi hiyo mpaka mkono unaniuma, na kila mara nauma meno, kwa sababu mimi najua ilivyo ndefu habari yenyewe. Panda mlima wowote mkubwa wa bara ukishika majani njiani. Kule chini, penye joto na ukavu, mengi yana vinywele vya kukwaruza kiganja. Ingia msituni, penye ukungu na matone kutwa kucha, majani ni laini na yang'aa, hayana unywele. Toka msituni upande zaidi, pale ambapo usiku maji huganda na mchana jua huunguza pua, utakuta majani yamevaa tena, mengine meupe kabisa kama yamefunikwa blanketi la mtoto. Watu husema, basi, kadiri unavyopanda ndivyo vinywele vinavyozidi. Si kweli! Iko mimea ambayo vyake hupungua huko juu kwa kuwa wadudu wa kuitafuna wamepungua, na iko ambayo haijali mlima wala bonde. Mlima hauna sheria moja, na mimi nikiwa na miaka ishirini na mitano nilijiona ndiye nitakayeeleza kwa nini.

Mmea wangu ulikuwa mmoja, mdogo, wa jamii ya mnanaa na rihani. Kwenye ukingo wa msitu ulikuwa na majani mapana, karibu hayana kitu. Kule juu ulikuwa mfupi, mgumu, mweupe wa kuvaa sufi. Swali langu lilikuwa moja pia: je, weupe ule umezaliwa nao, au baridi ndiyo iliyouvika? Njia ya kujua ni kuchukua mbegu za juu, za kati na za chini, kuzipanda zote pamoja mahali pamoja, udongo mmoja, jua moja, kisha kungojea majani. Mlima ukiondolewa, mmea utakaobaki mweupe ni mweupe wa kuzaliwa. Msimamizi wangu, Dakta Njeru, alikuwa na kitalu kimoja huko bara penye baridi, na akataka kingine mahali pa joto kali. Mimi nilikuwa nimekwisha kuja Mombasa, nikifundisha nusu siku ili nijilishe, nikasema nitafanya huku. Dakta alikuwa akienda ng'ambo mwisho wa mwaka kuongoza kazi kubwa ya mimea ya milimani, na alikuwa na nafasi moja ya mwanafunzi wa kumfuata. "Niletee majani ya Mombasa kabla sijaondoka," akaniambia, "na hiyo nafasi ni yako." Sikutaka kitu kingine duniani. Hata mume sikumtaka, na mama alikuwa akinitafutia.

Kwanza niliomba kipande cha ardhi kwenye shamba moja la majaribio upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Nikaambiwa njoo kesho. Kesho yake nikaambiwa anayehusika yuko semina. Nilipompata akaniuliza kama nina barua, na nilipoleta barua akaniuliza kwa nini sikuanza kwa kumwona yeye. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikaketi jikoni kwa mwenye nyumba wangu, na huyo mwenye nyumba ndiye Bi Maimuna. Nilikuwa nimepanga kwake chumba cha ghorofa ya pili, chembamba, na dirisha lake lilikaribiana na la jirani kiasi cha mtu kupokezana chumvi. Alinisikiliza akikuna nazi, ameketi kwenye mbuzi, miguu yake miwili ameinyosha, hata hakuinua uso. "Huko darini kumekufanya nini?" akasema. "Si nafasi ile? Upande mmoja asumini zangu, upande mmoja majani yako." Alikuwa fundi wa vikuba, yale mafungu madogo ya asumini na rihani ambayo wanawake hujipachika wakienda harusini, na watu wa Makadara walikuwa wakituma mtu kwake tangu asubuhi. Darini, pale juu ya nyumba penye wazi, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, alikuwa na vyungu vyake vimepangwa safi kama vikombe vya wageni. Nilimshukuru mpaka akaniambia nyamaza, yatosha.

Mbegu za mlimani hazikubali kuota hivihivi. Lazima zipate baridi kwanza zidhani msimu umepita, na baridi ya Mombasa iko mahali pamoja tu, ndani ya friji. Kwa hiyo mbegu zangu zilikaa kwenye friji ya Bi Maimuna, zimefungwa kwa vitambaa vyenye unyevu, kati ya samaki na pakacha la pilipili. Umeme ulikatika mara mbili na mara zote mbili nilikimbia kununua barafu, jasho lanitoka, watu wa gengeni wakidhani nina maiti. Jioni moja Swabra, ambaye tulikuwa rika moja na alikuwa mchumba wa mtu, alivitoa vile vitambaa akidhani ni hamira. Tukacheka. Bi Maimuna ndiye aliyeuliza, mara ya kwanza na ya mwisho, kazi yenyewe ni ya nini.

"Ni dawa?"

"Si dawa, Bi."

"Ya kula?"

"Hailiwi."

"Basi ya nini, mwanangu?"

"Ya kujua tu, Bi. Nataka kujua kwa nini yana vinywele."

Akanitazama kwa huruma, akaniongeza mchuzi. Nilipokuwa nikipanda ngazi nilimsikia akimwambia Swabra chini kwa chini, "Maskini mtoto wa watu, amesomeshwa sana." Mpaka leo nikiikumbuka hiyo nacheka, na nikimaliza kucheka nakasirika.

Zikaota. Si zote, na zilizoota zilinitesa. Maji ya mfereji yalikuwa yakija yakitaka, ya kisima yalikuwa ya chumvi, na mimi nikanunua maji matamu ya mkokoteni na kuyapandisha ngazi mwenyewe. Majirani wakaona maji ya kunywa yamwagiwa majani, wakashika vinywa. Kunguru wakaja kung'oa vijiti nilivyochomeka kuwa alama. Upepo wa kusi ukaleta chumvi mpaka juu ya vyungu. Lakini miche ikashika, na polepole, wiki hata wiki, nikaona nilichokuwa nikikiomba: ile iliyotoka juu mlimani, ndani ya joto lile la kuyeyusha siagi, ilikuwa ikitoa majani meupe. Si meupe kama ya kwao, lakini meupe. Ile ya chini ilikuwa kijani kitupu. Nilikuwa nikipanda asubuhi kabla ya chai kutazama tu, na kugusa kwa ncha ya kidole. Hata hivyo jicho si hesabu. Vinywele vilitakiwa kuhesabiwa kwa hadubini, kwenye majani yaliyokomaa, yote kwa wakati mmoja, na hadubini ilikuwa chuoni bara. Nikangoja majani yakomae, nikaomba ruhusa kazini, nikajiandaa kwenda kuiazima.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa jikoni nakula mahamri na mbaazi, na wanawake wawili watatu walikuwa darini wakichuma asumini. Sauti zilishuka ngazini wazi kabisa. Jirani mmoja, mwenye sauti nene, alikuwa akisema, "Maimuna, hiyo miti ya mpangaji wako ina ule ugonjwa. Nimeuona kwa mato yangu. Weupe mtupu, juu na chini." Mwaka uliotangulia wadudu weupe, wale wanaojikusanya kwenye jani kama pamba, walikuwa wameingia darini na kumuulia asumini karibu zote. Alizianza upya kwa vijiti vya kuombaomba kwa watu. "Na harusi ya Swabra yaja," jirani akaendelea. "Mwenye kikuba cha mji mzima, bintiye aolewe bila asumini? Utaiweka wapi sura yako?" Bi Maimuna sikusikia alijibu nini. Mimi nilicheka peke yangu, nikajisemea, watu hawa kila cheupe kwao ni mdudu, nikamaliza mbaazi zangu nikaenda kituoni. Nani huacha mbaazi moto kwenda kubishana na mafundi wa vikuba?

Nilirudi siku chache baadaye, hadubini ndani ya sanduku lake la mbao, nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Bi Maimuna alinipokea mlangoni. Hakunipa nafasi hata ya kuvua viatu. "Ndoo, ndoo mwanangu, ndoo uone!" Akanishika mkono, mwanamke mwenye magoti mabovu, akanipandisha ngazi mbiombio mpaka darini. Miche yangu ilikuwa imepangwa mstari mmoja kwenye kivuli cha tangi, na majani yake yote, ya mbegu za juu, za kati na za chini, yalikuwa kijani na yaling'aa. Kando yake palikuwa na beseni, kipande cha sabuni, majivu kidogo kwenye kifuu, na kitambaa cha leso kuukuu kilichojaa vumbi jeupe.

"Nimekuoshea," akasema. "Jani moja moja. Kitu chenyewe king'ang'anizi, Ya Rabi! Hakitoki! Nimesugua mpaka vidole vimekunjana, tazama." Akanionyesha vidole.

"Ulimwona mdudu, Bi?" Sauti yangu niliisikia inatoka mbali.

"Hata mmoja sikumwona. Nimewahi, alhamdulillahi."

Kulikuwa na chungu kimoja nyuma ya tangi, nilikuwa nimekificha huko kumkwepa kunguru, na macho yangu yakaenda yenyewe kukitafuta. Mwanamke wa Mji wa Kale akisafisha, amesafisha. "Na kile ulichokisahau kule nyuma," akasema kwa furaha, "nacho nimekiona." Uso wake ulikuwa umejaa fahari na uchovu. Alikuwa ameacha vikuba vyake siku nzima, wakati wa harusi za watu, wakati wa kazi, akachuchumaa kwenye jua na magoti yale. Angeweza kuing'oa miche yote na kuitupa ufuoni kuokoa asumini ya harusi ya bintiye, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuing'oa. Aliiosha. Na mimi, Mungu wangu, ningesema nini? Nikasema, "Ahsante, Bi." Akanipigapiga mgongoni. "Sisi ni watu wamoja," akasema, "twende ukale."

Kile chakula nakikumbuka kuliko chakula chochote nilichopata kula. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, achari ya embe iliyotiwa pilipili mpaka macho yatoe maji, na nilishukuru kwa hiyo achari maana ilinipa sababu. Alikuwa ameniwekea kichwa cha samaki, sehemu ya mwenye heshima. "Kula, umekonda huko kwenu," akasema. Nikala. Sasa nikiwa mtu mzima najua kwamba ningeweza kuweka kijiko chini na kusema kwa adabu, Bi, hayo yalikuwa manyoya ya jani lenyewe, ndiyo niliyokuwa nikiyangojea. Ningesema na dunia isingeanguka. Lakini nilikuwa mgeni nyumbani kwake, nimelishwa, nimeitwa mwanangu, na amenitendea jema kwa mikono yake. Katika nyumba ile mtu akikutendea jema hulipimi. Unalipokea kwa mikono miwili. Nikamaliza sahani.

Alasiri Swabra alipanda kuanua nguo akanikuta nimeketi kati ya vyungu nalia. Nikamwambia yote: vinywele, hesabu, Dakta, nafasi moja. Akashika kinywa. "Mama hakujua!" Nikamwambia najua hakujua, ndiyo sababu sitamwambia, na wewe pia usimwambie. Nikamwapisha. Akaapa, kwa jina la Mungu, mkono kifuani. Kisha akaniuliza, "Hayatoki tena?" Ndilo swali lililokuwa likinila. Kwa sababu vinywele vya jani havioti tena juu ya jani lilelile, lakini majani mapya yangetoka, na huenda yakatoka na vya kwao.

Yalitoka. Yalitoka meupe kuliko ya kwanza! Miche ya mbegu za juu ikavaa tena sufi, nikaweka jani chini ya hadubini, na hesabu zikawa nzuri mno. Halafu nikahesabu ya mbegu za chini, zile zilizokuwa kijani kitupu, na nazo zilikuwa na vinywele. Si vingi, lakini vilikuwapo na mwanzo havikuwapo. Niliketi nikashika kichwa. Mimea mingi ikitafunwa au kukwaruzwa hutoa majani mapya yenye vinywele zaidi, inajilinda, inadhani adui atarudi. Na hii ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni na majivu jani kwa jani, na mikono yenye nguvu. Kwa hiyo weupe ule ulikuwa wa nini? Wa kuzaliwa? Wa chumvi na jua la Mombasa? Au wa kitambaa cha Bi Maimuna? Angebakiza hata chungu kimoja kisichoguswa ningelinganisha. Hakubakiza. Nilijaribu kupanda upya, lakini friji ilikuwa imejaa sambusa za harusi, na mbegu nilizoziweka kwenye debe la barafu ziliozea humo. Harusi ilipita, asumini zilikuwa tele, Swabra alinukia mpaka barabarani, na mimi nilipiga vigelegele pamoja na wenzangu kwa moyo uliokufa ganzi.

Dakta Njeru alishuka Mombasa mwisho wa mwaka kwa shughuli zake, tukakutana kwenye kihoteli kimoja cha Makadara. Aliagiza viazi karai na ukwaju, akasoma karatasi zangu akila. Akafika kwenye aya niliyoeleza kuoshwa kwa majani, akaacha kutafuna.

"Hii toa," akasema.

"Nitoe vipi, Dakta? Yameoshwa."

"Majani mapya yana vinywele ama hayana?"

"Yanavyo."

"Ya juu yanashinda ya chini?"

"Yanashinda. Lakini siwezi kujua kama ni kwa sababu ya..."

"Wakesho, sikiza. Inakubaliana na kitalu changu. Jibu ni hilo. Nani ataenda kupanda ngazi za huyo mama kumuuliza kama aliosha majani?" Akacheka, akachovya kiazi. "Toa hiyo aya, tuondoke pamoja."

Ningependa kusema nilikataa kwa uaminifu. Sivyo. Nilikataa kwa hasira. Nilikuwa nimechoka mwaka mzima na kutabasamu: kwa yule wa njoo kesho, kwa jirani wa sauti nene, kwa kichwa cha samaki. Sasa na huyu ataka nitabasamu, niseme ahsante, nifute na kalamu yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Sitoi." Akafuta vidole kimoja kimoja kwa karatasi. Hakunigombeza hata kidogo. "Basi," akasema, na basi ilikuwa hiyo. Nafasi akaipata mwenzangu ambaye hakuwahi kupanda hata bilinganya. Shahada yangu nilipewa, kwa alama za kubahatisha, na karatasi zangu zikaenda kulala mahali zinapolala karatasi. Nikabaki Mombasa. Sikubaki kwa kuupenda mji, mapenzi yalikuja baadaye. Nilibaki kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Mwaka jana walitukutanisha wahitimu wa zamani, na Dakta, mzee sasa, tumbo mbele, alinishika bega mbele za watu akasema, "Huyu ndiye yule wa sabuni!" Wakacheka wote. Nilicheka nao, na nilipofika nyumbani nilivunja kikombe kwa kukiosha.

Kwa Bi Maimuna niliendelea kwenda. Nilikuwa nimehamia Bondeni, lakini Idi sikukosa, na hata siku ya kawaida nikipita Marikiti nilimchukulia ndizi na malimau. Tulikaa, tukala, akanisifu kwa wageni: huyu mwalimu, alikaa kwangu, miche yake karibu ife mimi ndiye niliyeiokoa. Kila aliposema hivyo niliinama kwenye kikombe. Kila nilipotoka nilikuwa nikitembea kwa kishindo mpaka Makadara nikigombana naye kichwani, namwambia yote, kwa ufasaha ambao sijapata kuwa nao kinywani. Mara nyingine nilikwenda nimeazimia kabisa kusema. Akafungua mlango, akasema "Karibu, mwanangu," nikasahau nilichoazimia. Miaka ikaenda namna hiyo. Nilijiambia, basi, hajui, na asiyejua hana kosa, ninakasirika na nini? Na bado nilikasirika.

Siku ya mazishi, wanaume walipokwisha kurudi kutoka makaburini na watu kupungua, Swabra alinivuta kando, kwenye vidato vya kwanza vya ngazi ya darini. Macho yalikuwa yamemvimba. Desturi ni kwamba jamaa huwaomba watu wamsamehe marehemu, aliyekosewa aseme au asamehe, na kwa kawaida huombwa kwa jumla, mara moja, watu wakaitikia tumemsamehe. Swabra hakuniomba kwa jumla.

"Mama ameniusia nikuombe radhi ya yale majani," akasema. "Kwa jina lake. Yale majani ya mlimani."

"Alijua?" nikauliza.

"Nilimwambia."

"Lini?"

"Wiki ileile."

"Swabra! Uliapa!"

"Niliapa," akasema, na machozi yakamtoka upya. "Lakini ni mamangu. Alikuwa hashikiki kwa furaha, amwambia kila mtu amekuokolea miche. Sikuweza kumtazama. Nikamwambia, na hakula siku mbili."

"Sasa miaka yote hii, ati niliiokoa, ati karibu ife, na ilhali..."

"Alisema angefanyaje? Alisema, Wakesho ameniambia ahsante, amekula chakula changu, amenisitiri. Nikimwendea na msamaha nitakuwa namwambia najua ahsante yake haikuwa ya kweli. Nitamvunjia sitara yake. Acha niseme niliyokuwa nikiyasema, atakapochoka atanikatiza mwenyewe, hapo nitamwangukia miguuni." Swabra akajifuta kwa ncha ya leso. "Alikuwa akingojea umkatize, Wakesho. Kila ukija. Ukishaondoka akiniambia, leo pia hakusema."

Pale mtu husema, nimemsamehe. Hata mwenye donge husema, papo hapo, maana maiti haingojeshwi. Mimi neno hilo niliona ni ahsante nyingine tu, ya adabu, kama ile ya kwanza. Nikamwambia Swabra, "Nipe siku kidogo." Alinitazama kama nimemtukana. Akapanda ngazi, akaniacha hapo.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima, nikisahihisha vitabu, nikiandika haya kila wakati wa mapumziko, nikijiuliza nimekasirika na nani. Miaka yote nilidhani ni mwanamke aliyenipangusia mwaka wangu kwa kitambaa. Lakini kila nikimgeuza naona vidole vilivyokunjana na magoti mabovu, na mtu aliyekaa na kosa lake kimya miaka ishirini na kitu kwa sababu mimi nilifunga mlango kwa adabu, naye kwa adabu hakuusukuma. Angesukuma! Ningekatiza! Ee Mungu, tungegombana siku moja tukamaliza, tukala samaki kwa raha. Kesho baada ya masomo nitakwenda kwa Swabra nimwambie: mama yako nimemsamehe ya majani, duniani na akhera, na ni kweli, neno hili nimelipima. Wewe uliyevunja kiapo nimekusamehe pia. Dakta Njeru bado.